Ya Propela au ya Cheni?

Oktoba ikianza, Ibra, huku Oman, inapumua. Jua likishatua watu hurudi kukaa uani, na chupa ya kahawa haikauki. Usiku mmoja kama huo niliwakusanya watu ambao nawasikiliza kila nikitaka kujua jambo la pikipiki. Ile yangu ya zamani nilikwishaiuza, pesa niliyobaki nayo ilitosha kununua moja tu, tena iliyotumika, na nilikuwa nimechoka kusoma vijitabu vya viwanda, ambavyo vyote husifu kwa maneno yaleyale.

Niliyoitafuta ilikuwa pikipiki ya safari yenye mbio. Si ile ya mashindano inayomkunja mtu mgongo mpaka kidevu kikaribie tangi, wala si ile nzito kama kochi isiyopenda kona. Iwe na kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ya pembeni, kiti cha watu wawili, na injini inayoweza kukaa kwenye mwendo wa 120 asubuhi nzima bila kuhema. Wengi husema jamii hii ya pikipiki ilifunguliwa njia na BMW R 100 RS ya 1976, iliyozungushiwa bodi ya kukata upepo tangu kiwandani. Leo ziko nyingi, lakini kwa mfuko wangu zilikuwa zimebaki tatu: Yamaha FJR1300, Yamaha Tracer 9 GT, na BMW R 1250 RT.

Ami alitoka Nizwa na FJR juu ya pikapu, imefungwa kamba pande nne, kwa kuwa mwenye kuiuza ni rafiki yake wa siku nyingi. Mtoto wake wa kiume, anayefanya kazi ya zamu Sur, alikuja na Tracer yake mwenyewe, sawasawa na ile niliyokuwa naifikiria. BMW ilikuwa Maskati, hivyo ilihudhuria kwa midomo ya watu tu. Fundi wetu ni mtu wa Tanga, miaka mingi yuko hapa, na mikono yake inajua injini kuliko karatasi yoyote. Mama watoto hakuhitaji mwaliko. Ua ni wake, na kiti cha nyuma ni chake.

AMI: Mchagua jembe si mkulima, mwanangu. Mie Unguja nimepanda Vespa. Magurudumu yake kama sahani za chai, na nilikwenda nayo Makunduchi nikarudi siku hiyohiyo. Hapakuwa na aliyeniuliza ina nguvu ya farasi wangapi.

KIJANA: Baba, Makunduchi kwenda na kurudi haifiki hata kutoka hapa mpaka Sur.

AMI: Haifiki, lakini barabara yenyewe ilikuwa na mashimo. Nyinyi mmezaliwa juu ya lami. Mwaka 1970 nchi nzima hii ilikuwa na kilomita kama 10 za lami, basi. Tulipokuja sisi, kutoka Nizwa kwenda popote ilikuwa ni vumbi na kukisia njia. Nimeendesha malori kwenye njia ile ya Salalah, naijua. Ukishaipita Adam, nchi inakuwa bapa, hakuna mti wala kivuli. Ndiyo maana nimekuletea hii. Tangi la lita 25. Ya propela, haina cheni ya kukatika. Nizwa mpaka Salalah ni zaidi ya kilomita 850. Mtu hendi huko na chombo cha kubahatisha.

Kulijaza tangi hilo, kwa haki, si mzigo. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imezuia bei ya petroli ya M95 isipande juu ya baisa 239 kwa lita, kwa hiyo lita 25 hazifiki riali 6. Mahesabu ya mafuta yanayowakosesha usingizi wapanda pikipiki wa Ulaya hapa hayana nafasi kubwa mezani. Hapa unahesabu umbali baina ya kituo na kituo.

KIJANA: Kaka, Salalah umekwenda mara ngapi?

Mara moja, nikamjibu. Na nilikwenda kwa gari.

KIJANA: Basi. Baba anakuuzia pikipiki ya safari aliyoifanya yeye kwa lori. Wewe kila wiki uko baina ya Ibra, Nizwa na Sur. Itazame hii Tracer. Silinda tatu, cc 890, kilo 220 na maji yake na mafuta yake. Ile ya Baba ni kilo 289. Tofauti ni kilo 69, yaani mtu mzima mmoja umekwishampakia kabla hujapakia mtu. Na lita 19 zinakufikisha kilomita 350 ukienda kwa adabu. Utakwenda Sur na kurudi bila kugusa kituo.

AMI: Ukienda kwa adabu. Wewe unakwenda kwa adabu?

KIJANA: Nikiwa peke yangu mlimani, hapana. Siku moja twende, kaka, kutoka Nizwa tupite Bahla, tushike njia ya Al Hamra, tupande mpaka Sharaf al-Alamain. Lami inafika juu kabisa, kona juu ya kona, halafu changarawe inaanza kushuka upande wa Hatt na Bilad Sayt, pale unageuza. Kona zile ukiziendea na kilo 220 unailaza tu kwa goti. Ukiziendea na ile, unaomba dua kila ukikamata breki.

Hapa lazima niingilie, kwa sababu kijana anasema kweli, ila kweli ile ni ya kipande kimoja cha nchi. Dakhiliyah, upande wa Nizwa, ina milima inayomlipa mwenye pikipiki nyepesi. Njia yangu ya Sharqiyah haipiti milimani. Ukitoka Ibra kwenda Sur, njia ni pana, imegawanywa kati, na kona zake ni za kutazama tu. Tena upande huohuo wa Dakhiliyah, kuhusu Saiq, kule juu kwenye mita 2,000 ambako waridi huchumwa Machi na Aprili, askari wa kituo cha chini ya mlima, karibu na Birkat al-Mawz, hawaruhusu magari yasiyovuta kwa magurudumu manne. Mwenye pikipiki na aulize kwanza kabla hajaipangia siku. Na juu ya yote hayo kikomo cha mwendo kwenye barabara zetu kuu ni 120, na kamera ni nyingi. FJR ina nguvu ya farasi 146, RT 136, Tracer 119. Zote tatu zinakupa zaidi ya unachoruhusiwa kukitumia. Nimewahi kuwaona watu wazima wakitoleana maneno makali kwa ajili ya farasi kumi ambao hawatawafungulia zizi maisha yao yote.

Fundi alikuwa bado hajasema kitu. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya Tracer, anaivuta cheni kwa kidole.

KIJANA: Na kama mnataka propela kwa lazima, basi heri boksa.

FUNDI: Boksa? Kwa safari ya Sur?

KIJANA: Boksa ya BMW, fundi.

FUNDI: Haya, sema hivyo. Kwetu Tanga boksa ni Bajaj Boxer, silinda moja, cc 100 au 150, inabeba gunia la mkaa na mshikaki wa watu wawili juu yake. Ile ya Wajerumani naijua. Silinda mbili, moja kulia, moja kushoto, zimelala zinatazamana, zimetoka nje ya bodi kama masikio. Kwa nchi hii lile umbo lina akili, kwa sababu vichwa vya injini viko mbele ya miguu yako, moto wake unachukuliwa na upepo. Hii ya mzee ina silinda nne zimesimama katikati ya mapaja yako. Ukienda, sawa. Ukisimama kwenye taa au ukikwama nyuma ya pikapu za ngamia Sinaw siku ya Alhamisi, feni inawaka na joto la rejeta linakujia miguuni. FJR inajulikana kwa hilo dunia nzima, mzee wangu, si maneno yangu.

AMI: Watu wanajipaka mafuta ya nazi wanaota jua kwa hiari yao, wewe unaogopa joto la goti.

FUNDI: Siogopi, mzee. Nasema lilipo. Na la cheni pia nitalisema lilipo. Tazameni kidole changu. Hii cheni imepakwa mafuta jana au juzi, na tayari imeshika mchanga wa Bidiya. Mafuta yakikamata mchanga umejitengenezea msasa, unasaga cheni na sproketi zake kila ukizunguka. Pwani ya Dar es Salaam cheni inaliwa na kutu. Hapa inaliwa na mchanga. Dawa yake ipo, uioshe kwa mafuta ya taa, uikaushe, utumie ile dawa ya nta inayoganda badala ya ile ya majimaji, tena uifanye usiku injini ikiwa ya moto ili asubuhi iwe imeshakauka. Swali ni moja tu: utaifanya?

Nilinyamaza. Pikipiki yangu ya mwisho ilikula cheni mbili kwa sababu ya uvivu wangu.

FUNDI: Basi umejijibu. Ya propela unabadilisha oili kidogo ndani ya difu la nyuma, hata robo lita haifiki, halafu unaisahau kwa kilomita nyingi. Ila nayo ina bei yake: uzito. Vyuma vile havikutoka hewani. Na la matairi msibishane, maana nimekwishaona watu wakipoteza saa nzima. Zote tatu zinavaa saizi moja, mbele 120/70, nyuma 180/55, rimu ya 17. Tairi utakalolipata kwa hii utalipata kwa ile. Pima upepo alfajiri tairi likiwa la baridi, na ukilikuta mchana limejaa zaidi usilipunguze. Wanaopunguza mchana ndio wanaokuja kwangu na tairi lililochakaa kingo.

Kuhusu BMW alikuwa mfupi, na mimi nitakuwa mfupi. Valvu za R 1250 hukaguliwa kila kilomita 20,000. Za Yamaha hizi mbili ni kwenye 40,000 au karibu yake. Kazi yenyewe kwa boksa ni rahisi, vichwa viko nje, mtu haondoi tangi. Lakini taa ya hitilafu ikiwaka kwenye kioo chake, fundi wa Ibra mwenye spana hana la kufanya bila kompyuta yake, na kompyuta hiyo iko Maskati. Kwa anayekaa Maskati hiyo si hoja. Kwangu mimi ni siku nzima ya kazi. Najua sikuitendea haki boksa, kwa sababu haikuwepo uani kujitetea, na kiti chake cha nyuma kinasifiwa kuliko vyote. Pesa yangu nayo ilinung'unika.

Mama watoto alikuwa amekaa karibu na Ami, anammiminia kahawa kwenye kikombe kile kidogo. Yeye ni muuguzi. Alingoja fundi amalize.

MAMA WATOTO: Mnazungumza joto la injini. La hewa mmeliuzia wapi?

KIJANA: Hilo, shemeji, halina pikipiki. Ni letu sote.

MAMA WATOTO: Lina pikipiki, na lina saa. Mimi naletewa watu waliopigwa na joto, naona wanavyokuja. Wengi wanadhani ukienda kasi upepo utakupoza. Ngozi ya mtu ina joto la nyuzi kama 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, sawa, upepo unapoza. Ikiwa juu, upepo huohuo unakupika, ni kama kukaa mbele ya feni iliyowekwa mlangoni pa tanuri. Kinachobaki kukuokoa ni jasho linapokauka juu ya mwili. Na mtu anayefungua zipu ya jaketi kwenye nyuzi 44 anajiumiza, jasho linapeperuka kabla halijafanya kazi yake na moto unaingia moja kwa moja kifuani.

FUNDI: Ndiyo hizi fulana za maji.

MAMA WATOTO: Fulana ya maji inakufaa hapa Ibra na Nizwa, kwa sababu hewa ni kavu. Unailowesha, unavaa jaketi juu yake, unafunga, unaacha upenyo kidogo, inapoza saa nzima. Ukiteremka Sur fulana hiyohiyo inakuwa kitambaa cha moto kilicholowa. Hewa ya pwani imejaa maji, haina nafasi ya kuchukua jasho lako. Nani kati yenu amekumbuka usiku ule wa Qurayyat?

Sote tuliukumbuka. Tarehe 26 Juni 2018, Qurayyat, mji wa pwani kwenye njia ya baharini ya kwenda Sur, joto la chini kabisa kwa siku nzima mchana na usiku lilikuwa nyuzi 42.6. Dunia nzima iliandika habari ile. Maana yake ni kwamba hata saa kumi za alfajiri, saa ambayo mwenye pikipiki hujidai kuwa ndiyo yake, hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

Kwa muda mrefu nilidhani suala la kuchagua pikipiki na suala la wakati wa kuipanda ni mambo mawili. Usiku ule yalikutana kichwani mwangu. Safari moja ya Ibra kwenda Sur inapita nchi mbili: ya kwanza kavu, ambako maji juu ya mwili ni rafiki, na ya pili, baada ya Al Kamil, ambako unyevu wa bahari unaanza kukushika shingoni. Hakuna kiwanda Japani wala Ujerumani kilichoandika kitabu cha njia hiyo. Anayeijua ni anayeipita.

AMI: Sasa umesema, binti yangu. Baba yangu alishuka Unguja kwa jahazi la Sur. Nahodha alikaa bandarini anangoja kaskazi. Ikivuma, Novemba, Desemba, wanatweka tanga wanashuka. Kusi ikija kuanzia Aprili inawarudisha. Hakuna nahodha aliyeunda chombo cha kupigana na kusi. Aliunda chombo cha kaskazi, kisha akangoja kaskazi. Nendeni Sur mkaitazame Fatah al-Khair, jahazi la zamani. Imeundwa palepale 1951, ikauzwa, watu wa Sur wakaenda kuirudisha kutoka Yemen 1993. Ina tumbo la mizigo na nafasi ya watu. Haina haraka. Mwanangu naye na apande Oktoba mpaka Machi, na miezi mingine aifunike turubai.

KIJANA: Nahodha hakuwa na zamu ya kazi, Baba. Mimi Julai naingia kazini. Natoka saa kumi za usiku, nikisimama kwenye taa injini yangu hainichomi, na nikifika naiingiza kivulini kwa mkono mmoja. Na siku ya mapumziko nakwenda Al Ashkharah, mnajua wenyewe, Julai kule watu wanavaa sweta huku Ibra wanayeyuka. Msimu wenu wa kaskazi ni wa mtu mwenye gari la pili.

Hoja hii hakuna aliyeijibu, na nadhani haina jibu. Aliye na pikipiki tu, hana gari, ananunua pikipiki ya Julai. Nyepesi, silinda chache, moto kidogo. Mimi nina gari. Kwangu pikipiki ni ya Alhamisi jioni na Ijumaa, ni ya kwenda kumtazama mama mkwe Sur, ni ya kuwahi mnada wa mbuzi Nizwa Ijumaa asubuhi kabla watu hawajajaa chini ya ngome, si kwa kununua mbuzi, bali kwa kusimama kwenye kelele ile na kisha kula halwa. Na karibu kila safari ninayoihesabu humo, kiti cha nyuma kina mtu.

Tukainuka kuzijaribu. Fundi ndiye aliyetaka tufanye hivyo. Alisema maneno yametosha, vyuma navyo viulizwe. Kwanza tulizisukuma nje ya lango, kwenye mchanga laini wa upande wa mitende. Tracer niliingia nayo na kutoka nayo kwa pumzi moja. FJR ilipotiwa stendi ya pembeni ilizama taratibu, ikainama, na kama kijana hangeidaka masanduku yangekuwa chini. Kuirudisha kulitutaka watatu. Nina miaka 48 na mgongo wangu una kumbukumbu zake. Ami alikuwa akitazama bila kusema neno, na uso wake ulionyesha kuwa kura ile ameipoteza.

Kisha mama watoto akapanda. Alivaa buti na suruali pana ya safari, akafunga helmeti, akakaa nyuma yangu kwenye Tracer, na tukazunguka barabara ya kijijini mara moja. Halafu kwenye FJR, njia ileile. Aliporudi hakutafuta maneno ya kutupendeza.

MAMA WATOTO: Ile ya shemeji, vikanyagio viko juu, magoti yangu yanakunjika kama nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kila akitia gia helmeti yangu inagonga ya kwake. Kwa dakika kumi sina neno. Saa mbili siendi. Hii ya Ami miguu inashuka vizuri, kuna mahali pa kushika, kile kioo kinapandishwa kwa kitufe na upepo unapita juu ya kichwa changu badala ya kunipiga usoni. Joto nimelisikia pembeni ya mguu, fundi hakusema uongo. Lakini joto la mguuni nitavaa buti refu. Magoti sina pa kuyapeleka.

KIJANA: Kiti cha Tracer kinabadilishwa, shemeji. Kuna watengenezaji.

MAMA WATOTO: Kiti kitabadilishwa. Kikanyagio?

Nimesoma juu ya pikipiki kwa miaka mingi na kusikiliza mabishano yake kwenye baraza za Zanzibar, kwenye gereji za Ruwi na kwenye vituo vya mafuta vya njia ya Nizwa. Watu hupima kila kitu kuanzia kwenye mikono inayoshika usukani: nguvu, breki, namna inavyolala kwenye kona. Mwenye kukaa nyuma huandikwa mwisho, mstari mmoja, kama vile ni mzigo wa ziada. Naye ndiye asiyeuona mbele mashimo, asiyejua breki itakuja lini, asiye na akseleta ya kukunja wala klachi ya kushika ili mwili wake ujiandae. Anachoka maradufu kwa sababu hafanyi kitu. Kama safari zako ni za watu wawili na umechagua kwa hisia za mmoja, umechagua nusu ya pikipiki. Hilo nililiona wazi pale uani, na nililisema kwa sauti, na bado nalisema.

FUNDI: Na uzito? Mgongo wako?

Nikamwambia hivi: uzito ule unanisumbua mimi, dakika mbili, nikiwa nimesimama. Kiti kile kingemsumbua yeye saa mbili, akiwa kwenye mwendo, bila uwezo wa kushuka. Heri nisumbuke mimi.

Ami hakusema kitu. Alimimina kahawa nyingine. Fundi alichukua kipande cha chuma bapa kutoka kwenye gari lake, ukubwa wa kiganja, akakitoboa tundu moja na kukifunga kamba ndefu. Kila ukisimama nje ya lami, alisema, unakitupa chini ya stendi, na ukiondoka unakivuta kwa kamba bila kuinama. Kilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote nilivyopewa usiku ule. Akaniwekea na masharti yake: nisiingie na FJR kwenye mchanga kwa sababu ya picha, nisiipande saa sita mchana kuanzia Mei mpaka Septemba, na oili ya difu niibadilishe mwenyewe mara ya kwanza ili nijue rangi yake inapokuwa nzuri.

Tuliinunua Jumatatu yake.

Ijumaa ya pili ya Novemba tulitoka Ibra baada ya sala ya alfajiri, wawili, fulana za maji tumeziacha nyumbani kwa kuwa hewa ilikuwa ya baridi. Pale Bidiya, palipokuwa na mchanga umevuka lami kama ulimi, nilipunguza mwendo na kuipita wima. Uzito ule ambao ulinitoa jasho uani ulikaa imara, haukutikisika. Kituoni nilitupa kibati chini ya stendi. Baada ya Al Kamil tulikuta ngamia watatu kando ya njia, tukawapa nafasi. Mama watoto alinigonga begani mara mbili tu njia nzima, mara moja kwa ajili ya maji, mara moja kunionyesha bahari.

Kijana alitungoja Sur, upande wa Al Ayjah, ng'ambo ya daraja lile la kamba za chuma, karibu na mnara wa taa. Hakusalimia kwanza, alinyoosha mkono na ufunguo wa Tracer. Nikampa wangu. Nikaipeleka njia ya Ras al-Hadd, peke yangu, na ile nchi ya vilima vya mawe vyenye kupinda ilikuwa tamu mno chini ya kitu chepesi. Nilirudi baada ya karibu saa nzima nikamwambia ukweli wote, kwamba yake inakata kona kuliko yangu na haitakaa ilingane nayo.

Naye aliniambia ukweli wake, kwamba ile ya Baba ikiwa kwenye mwendo ni kama kukaa sebuleni, lakini mguu wake wa kulia uliungua kwenye msongamano wa sokoni. Tukarudishiana funguo. Jua lilikuwa limeanza kupanda juu ya hori, na hewa ya Sur ilikwishaanza kunata shingoni. Nilipogeuka, mama watoto alikuwa amekwishakaa kwenye kiti cha nyuma cha FJR, helmeti kichwani, buti zake ndefu juu ya vikanyagio, anangoja.